Dola Arobaini na Tano

Kambi ya bondeni ina umeme, ina bomba, ina saa ya kufunga geti.
Dola arobaini na tano kwa usiku mmoja.
Corliss alikisoma kibao, akakirudia,
kama mtu aliyeletewa deni la jirani,
akasema, "Vonda, tia gia.
Mlima haujaweka dirisha la tiketi."

Nikatia gia.

Nyumba yetu ya magurudumu ni ya mwaka themanini na tisa.
Tuliinunua kwa mjane wa mchungaji, kule Casper,
na kabatini bado mlikuwa na biskuti zake
na karatasi za nyimbo za Krismasi.
Inapanda kama bibi harusi aliyelazimishwa:
hatua moja, kilio kimoja.
Kona ya tatu, sindano ya joto ikasimama wima.
Tukawasha hita, mwezi Julai, madirisha wazi,
ili kuipunguzia injini homa yake,
tukachuruzika jasho huku tunatazama theluji.

Ramani ya msitu wa umma haina picha.
Ina mistari myembamba na nukta kando ya mistari,
na kila nukta inasema: hapa ruhusa kulala, ukipaona.
Nukta ya kwanza ilishakaliwa na wavuvi, matrela matatu, jenereta mbili.
Nukta ya pili ilikuwa dimbwi.
Ya tatu ilikuwa ng'ombe, mia hivi,
wakatutazama kwa macho ya watu waliolipa.

Rahisi huvunja upishi.
Kwetu ilivunja kioo cha pembeni:
tawi la msonobari, saa moja jioni, jua bado halina haraka.
Corliss akashuka, akaokota vipande
kimoja kimoja ndani ya kofia yake.
Hakusema neno. Nilijua anapiga hesabu.
Kioo, sitini.
Mafuta ya kupandia, thelathini na nane.
Nami nilikuwa na hesabu yangu,
pensheni ya udereva wa basi la shule,
miaka thelathini na moja ya kusema kaeni, kaeni chini, nimesema kaeni,
igawanywe kwa siku zilizobaki,
ambazo hakuna ofisi inayotoa idadi.

Halafu barabara ikapinda, na palikuwepo.
Tambarare ndogo. Kijito. Duara la mawe yaliyoungua.
Mtu tusiyemjua alikuwa amepasua kuni,
akazipanga chini ya turubai, akaenda zake.

Tukaweka yai mezani.
Likabiringika kwa Corliss.
Ubao mmoja chini ya gurudumu la kushoto:
likarudi kwangu.
Tukatoa ule, tukatia mwembamba.
Yai likatikisika, likafikiri, likatulia.

Asubuhi akaja bibi misitu, kijana, buti zina matope,
jina limeshonwa kifuani: Tillie Yellowbear.
"Siku kumi na nne," alisema, "kisha msogee.
Maji machafu msimwage hapa, shukeni nayo mjini.
Na jivu, mlishike kwa mkono kabla ya kulala.
Likiunguza, hamjamaliza."
Corliss tayari alikuwa na pochi mkononi.
"Bei gani?"
Yule binti akatazama pochi, akatazama kioo kilichokosekana.
"Hakuna bei, mama."
Dada yangu akabaki amesimama na pochi wazi,
hajui pa kuiweka.

Usiku baridi ilipenya mpaka kwenye vijiko.
Gesi tuliitunza kwa ajili ya kahawa,
tukalala na soksi, na kofia, na yale makoti ya kazini
yenye namba ya basi mgongoni.
Nilidhani amesinzia.
"Vonda."
"Mm."
"Kioo na mafuta, tisini na nane.
Gawanya kwa kumi na nne."
"Lala, Corliss."
"Ni dola saba kwa usiku. Saba kamili."

Nje, kitu kikubwa kilikuwa kijitoni, kinakunywa,
kinanyamaza,
kinakunywa tena.